Shamba lenye majina mawili: jinsi ya kuandaa ujumbe wa kushawishi mkutano wa kijiji, Tabora

Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa kisheria, vikundi vya wanawake na asasi zinazofanya kazi Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko mkoani Tabora, wanaotaka jambo moja: kijiji kinapotoa hati za hakimiliki ya kimila, yaani karatasi za umiliki wa ardhi ya kijiji, hati ya wanandoa iwe na jina la mume na la mke. Mbinu zenyewe zinafaa kwa madai mengine, kama binti aliyejifungua kurudi shuleni kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, au dawa za zahanati kwenye bajeti ya halmashauri. Lakini ujumbe usioshika dai moja mahususi huishia kuwa hotuba, kwa hiyo tunashika mfano huu mmoja.

Sheria ibaki mfukoni

Sheria iko upande wenu, na hilo ndilo linalowaponza wengi. Kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Kifungu cha 20(2) kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo. Kwa kuwa mambo yamenyooka namna hiyo, mwanaharakati anasimama mbele ya watu mia mbili chini ya mwembe na kuanza kusoma vifungu.

Mzee aliyekaa mbele hasikii kifungu. Anachosikia ni kwamba watu wa mjini wamekuja kumwambia baba yake alikuwa dhalimu. Kuanzia hapo kila neno linalofuata linapita kwenye chujio hilo, na hata wanawake waliokuja wakiwa upande wako wananyamaza, maana jioni watarudi nyumba moja na huyo mzee.

Sheria ina mahali pake. Ni kwa mtendaji wa kijiji anayetaka kujua kama atalaumiwa na wilaya, na kwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji anayetafuta kinga ya uamuzi alioukubali tayari moyoni. Iandike kwenye karatasi moja, upande mmoja, umpe mtendaji ofisini kwake kabla ya mkutano. Jukwaani isitajwe mpaka mtu aulize.

Ombi moja, kwa mwenye mamlaka

"Jamii ibadili mtazamo" si ombi, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kunyooshwa kulipitisha. Jiulize kwanza karatasi inapita mikononi mwa nani. Kamati ya uhakiki inathibitisha mipaka na mwenye shamba. Halmashauri ya kijiji inapokea fomu ya maombi na kuamua. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wanaweka sahihi, kisha ofisa ardhi wa wilaya anasajili. Jina la mke huwa limeshapotea mwanzoni kabisa, pale mjumbe wa kamati anaposimama kwenye mpaka na kumuuliza mwanamume peke yake, "Shamba la nani hili?" Akishajibiwa, fomu imejazwa.

Kwa hiyo ombi lenu liguse hatua hiyo. Mfano: "Halmashauri ya kijiji iielekeze kamati ya uhakiki kuandika jina la mume na la mke kwenye kila fomu ya wanandoa, kabla timu ya upimaji haijaanza kazi." Humo mna anayetenda, anachotakiwa kutenda, na lini. Sentensi ikikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, irudieni.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana miaka 5 ya uongozi, kwa hiyo hao ndio mtakaofanya nao kazi kwa muda mrefu. Mnahitaji zaidi ya nusu yao, na mnahitaji mkutano mkuu wa kijiji usiwapinge. Hiyo ni hesabu ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Mafungu matatu

Chukueni daftari, andikeni majina ya wajumbe wote wa halmashauri, wajumbe wa kamati ya uhakiki, wenyeviti wa vitongoji, na watu kama kumi ambao wakisema neno kijijini linasikika: imamu, mchungaji, mwenyekiti wa chama cha msingi cha tumbaku, mwalimu mkuu, mganga, mwenye duka kubwa. Mbele ya kila jina wekeni alama: W kwa walio wenu, K kwa walio katikati, P kwa wapingaji.

Ujumbe unaandikwa kwa ajili ya K. Wenye W wanaubeba. Wenye P hauandikwi kwa ajili yao kabisa, na hapa ndipo nguvu nyingi inapopotea, kwa sababu P ndiye anayepaza sauti. Anasimama mara tatu mkutanoni, nanyi mnajikuta mnamjibu yeye saa nzima huku K kumi na wanane wakiangalia saa. K hana msimamo mmoja: ndani yake mna fikra mbili kwa wakati mmoja. Anaamini kwamba ardhi ni ya ukoo wa mume, na anaamini pia kwamba mjane wa kaka yake alionewa. Kazi yenu si kumtia wazo jipya kichwani. Ni kuiamsha ile fikra ya pili mbele ya watu.

Kipimo cha ujumbe mzuri kiko hapo hapo: W anapenda kuurudia, K anaitikia kwa kichwa, P anakasirika. Ujumbe ambao hata P anaupenda haujasema kitu.

Sikilizeni kabla ya kuandika

Ongeeni na watu 12 hadi 15 wa fungu la K, wanaume wengi kuliko wanawake, mmoja mmoja. Msiulize "Unaonaje haki za wanawake?" Mtapewa jibu la semina. Ulizeni: "Mara ya mwisho shamba kuuzwa hapa bila wenyewe kujua, ilikuwaje?" Halafu: "Nani alilia?" Halafu: "Ungetaka lako liwe la nani ukifumba macho?" Andikeni maneno yao kama yalivyotoka, msiyasafishe. Mtu akisema "kuuza kimyakimya", andikeni kimyakimya, si "uuzaji usio wa uwazi".

Vijiji vya tumbaku vina watu mchanganyiko: Wanyamwezi wenyeji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, Waha waliokuja kama vibarua wa msimu wakabaki. Mila ya urithi haifanani kila nyumba. Sentensi inayoanza na "Mila zetu zinasema..." itapingwa na theluthi ya mkutano kabla hujaimaliza. Semeni "shamba", "watoto", "jasho". Hapo hamna kabila.

Ujumbe wenyewe

Mpangilio unaofanya kazi una hatua nne, na utaratibu wake una sababu. Kwanza jambo ambalo kila aliyepo analithamini. Pili, nani analiharibu na kwa njia gani. Tatu, kinachozuia. Nne, ombi. Wengi huanza na tatizo, na msikilizaji anayepewa tatizo kwanza anatafuta wa kumlaumu; akikaribishwa kwanza kwa anachokipenda, analiangalia tatizo akiwa upande wako. Katika maneno yafuatayo, bani ni banda la kukaushia tumbaku. Mfano:

"Shamba ndilo tunalowaachia watoto. Kila mzazi hapa ameinamia matuta, amekesha kwenye bani, ili watoto wasije wakawa vibarua kwenye ardhi ya baba yao. Lakini tunawajua watu wanaouza mashamba kimyakimya: ndugu anayekuja baada ya msiba, dalali anayemfuata mtu kilabuni na karatasi. Karatasi yenye jina moja inawarahisishia kazi. Shamba lenye majina mawili haliuzwi usiku. Akitaka kuuza mmoja, lazima wa pili akubali. Tunaiomba halmashauri ya kijiji ipokee kila fomu ya wanandoa ikiwa na majina mawili, na mkutano mkuu huu upitishe hivyo leo."

Ni maneno yasiyofika 80, chini ya dakika moja kwa sauti ya kutulia. Tazameni yaliyomo na yasiyokuwemo. Hakuna "jinsia", hakuna "uwezeshaji", hakuna "wadau". Mke hajatajwa kama mtu wa kuhurumiwa. Yeye ni mlinzi wa pili wa shamba. Mume hajatajwa kama adui. Waharibifu wametajwa kwa kazi zao, dalali na ndugu wa baada ya msiba, na kila kijiji kinawajua bila kuambiwa majina. Msitaje jina la mtu hata mkichokozwa, maana kesi itakuwa yenu na mada itakuwa imekufa.

Angalieni pia vitenzi. "Wajane wanadhulumiwa" ni sentensi isiyo na mkosaji. Dhuluma inaonekana kama mvua, inanyesha tu. "Shemeji anaondoka na shamba la watoto wa marehemu" ina mtu, na mtu anaweza kuzuiwa. Pitieni rasimu yenu na kalamu nyekundu, na kila mahali pasipo na mtendaji muulizane ni nani. Ikiwa hamjui, hamjamaliza kusikiliza.

Ile sentensi fupi, "Shamba lenye majina mawili haliuzwi usiku", ndiyo itakayobaki. Kila ujumbe uwe na moja ya aina hiyo, isiyozidi maneno manane, na irudiwe bila kubadilishwa. Nyinyi mtaichoka wiki ya pili. Kijiji kitakuwa ndiyo kwanza kinaanza kuisikia. Kosa la watu wasomi ni kutunga kauli mpya kila mkutano ili wasionekane wanajirudia.

Uvumi na pingamizi

Uvumi wa kawaida ni kwamba hati hizi ni njia ya kuwapa wanawake ardhi ya ukoo ili waondoke nayo wakiolewa kwingine. Jibu la haraka, "Si kweli kwamba wanawake wataondoka na ardhi", linaipeleka hoja ya mpinzani kwenye vitongoji ambako haikuwa imefika. Watu wakitawanyika wanakumbuka "wanawake", "wataondoka", "ardhi". Lile "si kweli" linabaki uwanjani.

Anzeni na ukweli wenu, gusieni uvumi kwa maneno machache, rudini kwenye ukweli: "Hati ya majina mawili inalibakiza shamba mikononi mwa waliolilima. Wapo wanaosema vingine. Ukweli ni kwamba hakuna kati ya hao wawili anayeweza kulihamisha peke yake, mke wala mume." Basi, endeleeni na ajenda.

Pingamizi la kweli ni jambo jingine, na halistahili kukwepwa. Mtu akisema, "Kwa hiyo nikitaka kuuza lazima nimwombe mke wangu?", jibu ni ndiyo. Mkianza kuzungukazunguka mmekwisha. Semeni ndiyo, na yeye naye lazima akuombe, na kijana wako akitaka kukusainisha ukiwa mgonjwa, atakutana na sahihi ya pili.

Tabora yenyewe ina mfano mkubwa wa kukubali pingamizi kisha kujenga hoja juu yake. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususia. Nyerere hakusimama kuutetea mfumo ule. Alikuwa pamoja nao kwamba ni mbaya. Alichojenga juu ya makubaliano hayo ni kwamba kususia kungewaachia viti UTP, chama kilichoshindana na TANU kikiungwa mkono na serikali ya kikoloni, na kwamba lengo, uhuru, lingechelewa. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi ule unaitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Wanaharakati wanaoukumbuka mkutano huo husahau hiyo sehemu ya mwisho: hata hoja iliyoshinda iliacha watu nje, na haikuwasubiri.

Nyumba za wake wengi mtaulizwa, hata kama hamkupanga. Mje na jibu la kiutendaji: hati kwa kila shamba, yenye jina la mume na la mke anayelilima. Ukisema "hilo tutaliangalia baadaye", nusu ya wanaume wa K wanahamia P wakiwa wamekaa palepale.

Nani aseme

Maneno yaleyale yanapokelewa tofauti yakitoka kinywa kingine. Ofisa wa asasi akiwa na shati lenye nembo ni msemaji wa mwisho kwa ubora. Wa kwanza ni mwanamume mwenye miaka zaidi ya hamsini, mkulima wa tumbaku, ambaye hajawahi kulipwa posho na asasi yoyote. Mjane anayefuata baada yake anasikilizwa. Akitangulia peke yake, anahurumiwa, na huruma haina kura.

Viongozi wa dini wana hoja ambazo nyinyi hamuwezi kuzisema. Katika mirathi ya Kiislamu mke hupata thumni ya mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti za Selofehadi wanadai urithi wa baba yao na wanapewa. Imamu au mchungaji akiyasema hayo siku yake ya ibada, bila nyinyi kuwepo, mmepata zaidi ya semina tatu. Mkimpa karatasi asome mkutanoni mbele ya kamera yenu, mmemfanya kibarua wenu na kila mtu ameona.

Utani usaidie pale panapokuwa na watani. Mzaha mmoja kuhusu shemeji wa baada ya msiba unafungua mioyo kuliko takwimu, ila autoe mwenyeji anayejua mpaka wake.

Mavazi nayo husema. Fulana za kijani na njano zitasomwa kama chama kimoja, za zambarau kama kingine, na ombi lenu litageuka la chama kabla halijasikika. Nyeupe inatosha. Au msichapishe fulana kabisa. Hizo pesa zina kazi nyingine.

Msimu na njia

Kalenda ya kijiji cha tumbaku ndiyo kalenda ya ujumbe. Vitalu huanza kwenye Agosti au Septemba, kupandikiza huenda na mvua za Novemba na Desemba, kuvuna na kukausha hushika Januari mpaka Machi, masoko hufuata kuanzia Aprili. Mkutano wa Desemba utahudhuriwa na wazee na watoto. Wakati wa kukausha, moto wa bani unalindwa siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, na watu wanakaa pale na redio au simu. Hapo ndipo tangazo la redio la sekunde 45 au sauti ya WhatsApp isiyozidi dakika moja na nusu inasikilizwa hadi mwisho. Malipo ya tumbaku yakitoka, ugomvi wa nyumbani huongezeka. Ni wakati wa kusikiliza, si wa kuhubiri.

Sauti inashinda maandishi, na bango linashindwa na vyote viwili. Mkitumia picha, mume na mke wamesimama shambani kwao, wanaangalia kamera. Picha ya mjane analia inamwambia K kwamba tatizo ni la watu fulani maskini, si lake. Na yeyote mnayemrekodi au kumpiga picha aelezwe itakwenda wapi na akubali kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Habari isiyothibitishwa kuhusu fulani aliyedhulumu isirushwe kwenye makundi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itamfuata aliyeituma, si aliyeitunga tu.

Jaribio la masimulizi

Kabla ya kurekodi chochote, msomeeni ujumbe mtu wa K, kisha mwombeni amsimulie jirani kesho yake. Siku inayofuata muulizeni jirani alichosikia. Fanyeni hivyo kwa watu sita. Kilichofika kwa jirani ndicho ujumbe wenu, hata kama karatasi inasema vingine. Wanne kati ya sita wakirudisha "shamba haliuzwi usiku", endeleeni. Wakirudisha "wanataka wanawake wapewe hati", hatua ya kwanza ni dhaifu au imeruka. Msiongeze maelezo mwishoni, rekebisheni mwanzo.

Siku yenyewe

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi wana nafasi. Ajenda inaingia kwa mtendaji wa kijiji, kwa barua, mapema. Ikiingia kwenye "mengineyo" watu watakuwa wameshaanza kuondoka. Barua ya kujitambulisha iwe imepita kwa mkurugenzi wa halmashauri, ofisa maendeleo ya jamii na mtendaji wa kata, la sivyo swali la kwanza litakuwa "Mmetumwa na nani?" na litakula muda wote.

Wekeni wasemaji watatu, dakika tatu kila mmoja, na W wengine sita wakae sehemu mbalimbali za uwanja, wasikae pamoja. Makofi yanayotoka kona moja yanajulikana yalikopangwa. P akisimama, ajibiwe mara moja tu na mwenyeji, kwa kurudi kwenye sentensi fupi, kisha mwenyekiti aombwe kumpa nafasi mtu mwingine.

Kura ikipita, mwombeni mtendaji asome azimio kwa sauti kabla ya sala ya kufunga, neno kwa neno kama litakavyoingia kwenye muhtasari. "Wananchi walielimishwa kuhusu hati" si azimio; likisomwa hivyo, simameni hapo hapo liandikwe upya. Nakala iliyosainiwa na kugongwa muhuri iende kwa kamati ya uhakiki na kwa ofisa ardhi wa wilaya kabla timu ya upimaji haijaingia kijijini. Fomu zikishajazwa jina moja, kuzirekebisha ni kuanza upya nyumba kwa nyumba, na wakati huo dalali naye yuko njiani.